Barafu Juu ya Puto

Chumba cha kazi cha mpwa wangu kilikuwa chini kabisa ya jengo, na kukiingia ilibidi ujifunze kutembea upya. Hukohoi, hupungi mikono, na mlango unaurudisha kwa kiganja, taratibu, kama unavyomfunika shuka mtoto aliyelala. Katikati palikuwa na meza nzito ya chuma. Juu ya meza, sahani pana ya shaba ikizunguka polepole. Na juu ya sahani, siku zilipokuwa njema, lilikaa nusu puto la sabuni, kubwa kama beseni la kukandia unga lililofudikizwa, likizunguka pamoja na sahani yake huku rangi zikilitambaa mwilini: waridi, kijani, dhahabu, halafu zambarau moja ambayo sijaiona mahali pengine, na nimepita pengi.

Hiyo ilikuwa dunia. Ndivyo mpwa wangu alivyoniambia mara ya kwanza, kwa mnong'ono, mdomo karibu na sikio langu ili pumzi isipotee njia. Ukingo wa sahani ulipashwa moto kwa waya uliofichwa chini, na huo ndio ulikuwa ukanda wa katikati ya dunia, kiunoni, jua linakochoma. Utosi wa puto ulikuwa ncha ya dunia. Ngozi ile ya sabuni, nyembamba kuliko kitu chochote nilichowahi kukikaribia, ndiyo ilikuwa hewa yote tunayoivuta pamoja na pepo zake zote. Alitaka kuona kisulisuli kikizaliwa pale kwenye joto, kikipanda bega la puto, aone dunia kwa kuwa mviringo inakifanya nini. Kwa hilo alihitaji puto liishi, na mengi hayakuishi. Yalikaa kidogo, yakapendeza, kisha hayapo. Hata sauti hayakutoa.

Mimi nilikuja kwa msiba wa dada yangu, mama yake huyo binti. Nilipanga kukaa mpaka watu watawanyike, halafu nishike njia, maana ndivyo nilivyo; marehemu alikuwa akiniita Tiara, akisema nikitua mahali ni kwa sababu nimenaswa kwenye waya. Watu wakatawanyika. Nikabaki kwa sababu ya shemeji.

Shemeji, mume wa dada, aliporudi kutoka makaburini alivua viatu, akalala, akaugeukia ukuta. Hakuwa mgonjwa. Chakula alikula ukimpelekea, salamu alijibu ukimsalimia, lakini alijibu akiutazama ukuta, kana kwamba ukuta ndio uliomuuliza. Mzee huyu kabla ya kustaafu alifundisha kwenye jengo lile lile anakofanya kazi binti yake, na wanaoijua elimu ya hewa walimwita Mzee Karai. Alikuwa na karai kweli. Alilijaza maji, akaliweka kwenye meza inayozunguka, akapasha moto ukingo, katikati akasimamisha kopo la barafu, akanyunyiza rangi. Ukilizungusha polepole sana, rangi inakaa duara tulivu kama pete. Ukiongeza mwendo kidogo, pete inaanza kujipinda, inatoa mikono, mikono inakuwa mawimbi, na mara unatazama ua kubwa linalozunguka. Joto linataka kwenda kwenye baridi, aliwaambia wanafunzi, na baridi inataka kujipenyeza chini ya joto. Sasa mzunguko hauwaachii wapite moja kwa moja, basi wanagombana ubavu kwa ubavu, na ugomvi huo ndio dhoruba. Aliishi na karai hilo miaka mingi hivi kwamba dada yangu alikuwa akilitaja kama mke mwenza.

Binti yake ndiye aliyemtoa kitandani. Aliingia chumbani asubuhi moja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia kwamba puto lake linahitaji baridi utosini, kama karai lilivyohitaji katikati, na kwamba pale kazini hakuna mtu anayejua kushika barafu. Shemeji aliugeuza uso kutoka ukutani. Akauliza wanatumia barafu gani. Siku iliyofuata alinyoa ndevu.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake, na mimi nikawa nafuatana naye nibebe kile ambacho mikono yake haikuweza tena, maana ilikuwa imeanza kutetemeka. Kulikuwa na friza kubwa kwenye ukumbi mwembamba nje ya chumba. Alitoa bonge, akalifunga kwa kitambaa, akaligonga kwa nyundo ndogo, akachagua vipande kwa macho kama mtu anayechagua mchele. Vyeupe vyenye mapovu ndani alivitupa; alitaka vile vinavyoonyesha upande wa pili kama kioo. Akavipanga kwenye sinia, akaingia kwa mwendo ule wa chumba, akavijaza kwenye kikapu cha waya kilichoning'inia juu ya utosi wa puto. Kisha akarudi nyuma, mikono mgongoni, akasubiri. Puto likasimama, likazunguka, rangi zikaanza kupanda kutoka ukingoni kama moshi wa jiko lisilo na haraka. Halafu likapasuka.

"Weka lingine, mama," alimwambia binti yake, kwa upole, kama vile wote wawili wana maisha yote mbele yao.

Siku moja mpwa wangu alinivuta mkono ukumbini, baba yake akiwa ameenda kunawa. Aliangalia huku na huku, akaniambia barafu ndiyo inayoyaua maputo. Baridi ya kile kikapu inashuka, inaangukia utosini, na utosini ndiko ngozi ilikonyooka ikawa nyembamba zaidi, kwa sababu sabuni yote inateremka. Hakuna puto litakaloishi chini ya baridi hiyo, alisema, hata ukitia pipa zima la glisirini ya kuikaza sabuni.

Nikamuuliza ataipata wapi sasa ncha yake ya baridi.

"Ndiyo nilipokosea, mjomba. Baridi haitakiwi kuletwa. Nimekulia kwenye karai, nikadhani kila dunia lazima mtu aiwekee barafu katikati."

Akanielezea, na kwa kuwa anajua shule nilizisoma kwa kuonja, alinitafutia mfano kwenye kazi nilizowahi kufanya. Kopo moja la rangi, alisema, ukilipaka ukuta mfupi linashika vizuri. Ukilipaka ukuta mrefu, rangi ile ile inafifia. Dunia ingekuwa bapa kama meza, jua lingeipaka sawasawa kote. Lakini ni mviringo, basi kiunoni mwanga unapiga wima, eneo dogo, unachoma. Kadiri unavyopanda bega, uso unajilaza, mwanga ule ule unatandazwa mbali zaidi, unafifia. Baridi ya nchani hailetwi na mtu. Umbo lenyewe linaitengeneza. Na puto nalo ni hivyo hivyo kwa njia yake: moto uko ukingoni, utosi uko mbali na moto, uache peke yake utapoa.

"Basi mwambie baba yako," nikasema.

Aliinamisha kichwa. Alikuwa na mvi mbili tatu mbele, kama za mama yake zilivyoanza. Alisema akimwambia baba yake kwamba barafu haina kazi, atakuwa amemwambia kwamba na yeye hana kazi, na atarudi ukutani, na safari hii hana sababu nyingine ya kumtolea huko. Lakini asipomwambia, hatakiona kisulisuli hata kimoja, na kazi yake yote ya miaka itabaki kuwa bakuli la sabuni linalopasuka.

"Wewe ni shemeji yake," akaniambia. "Mashemeji mnatukanana mkicheka. Mwambie wewe, kwa utani."

Nikakubali. Kukubali ni kwepesi. Nilianza siku hiyo hiyo tukinywa chai, nikamwambia shemeji kuwa naona barafu yake imezidi ubora, puto linaona aibu. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini, kisha akanieleza kwa kirefu jinsi ya kugandisha maji yaliyochemshwa mara mbili ili barafu iwe safi zaidi ya ile. Nikajaribu tena njiani, nikamwambia pengine puto lina homa ya baridi. Akasema homa ya baridi ninayo mimi, ndiyo maana nimekaa mahali pamoja kwa muda mrefu hivi, nikapimwe. Mara ya tatu nilifungua mdomo nikiwa nimekusudia kabisa, nikamtazama anavyoinua kipande cha barafu kwenye mwanga wa dirisha, akikigeuza, mkono ukitetemeka na uso umetulia, nikamuuliza tu kama viatu vyake vinaingiza maji.

Mwishowe mpwa wangu akachoka na mimi. Akaniomba kitu kidogo zaidi: nimcheleweshe baba yake asubuhi moja tu, pale kwenye friza, naye ajaribu puto moja bila barafu. Akiliona likiishi mara moja tu, alisema, yeye mwenyewe atajua hata anasumbukia nini.

Kumchelewesha hakukuwa na ugumu. Nilimwambia sijawahi kuelewa vizuri lile karai lake. Akaweka sinia juu ya friza, akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mchumba wake wa zamani, akaanza. Alichora karai hewani kwa kidole. Alinionyesha kwa mabega yake jinsi wimbi linavyoegemea. Aliniambia siku ya kwanza mawimbi yalipotokea alimwita dada yangu kutoka nyumbani, naye akaja na mtoto mgongoni, huyu huyu wa maputo, akatazama, akasema zuri, sasa nioshee karai langu nifulie. Tulicheka. Barafu ikawa inayeyuka kwenye sinia, tone kwa tone, na hakuiona, mimi niliiona.

Kisha akaiona. Akasema ee, mtoto ananisubiri, akachukua sinia kabla sijapata swali lingine, akausukuma mlango kwa kiganja.

Kikapu cha waya kilikuwa kitupu, kimesogezwa pembeni. Chini yake puto lilikuwa limesimama, tena lilikuwa limesimama muda mrefu, maana rangi zake zilishakomaa, zilikuwa nzito, za kina, kama rangi unazoziona ukifumba macho baada ya kutazama jua. Kutoka ukingoni joto lilikuwa likipanda kwa ndimi ndefu. Ndimi zilikutana, zikasukumana, zikajiviringa, na begani mwa puto, upande wetu, palikuwa na kisulisuli. Kidogo kama ukucha, kisha kama sarafu, chenye jicho na mikono, kikizunguka kwa utulivu wa ajabu. Nilihisi kama nimesimama mbali sana, mahali ambapo mtu huiona dunia yote na hakuna anayemhitaji.

Mpwa wangu aligeuka akamwona baba yake. Hakusogea. Baba naye hakusogea, sinia mikononi, maji yakimdondokea kwenye viatu. Ninavyoujua ule mkono, ulipaswa kutetemeka. Haukutetemeka.

"Nani amepoza utosi?" aliuliza, kwa sauti ya mle ndani.

"Hakuna, baba. Umepoa wenyewe. Ni kwa umbo lake."

Kisulisuli kikaendelea kupanda. Nilimtazama mzee badala ya kukitazama, nami najuta kidogo, maana nilipogeuza macho puto halikuwepo, sahani ya shaba ilikuwa ikizunguka peke yake. Shemeji akaliweka sinia mezani. Akasema, "Vizuri sana, mama," na ilikuwa sauti ya kweli, haikuwa na uchungu ndani. Akatoka. Nilimfuata barabarani, hakutaka mkono wangu. Nyumbani akavua viatu vyake vilivyolowa, akalala, akaugeukia ukuta.

Asubuhi yake mpwa wangu hakwenda kazini. Nilimkuta jikoni, kikombe mbele yake kimeshapoa, anaangalia meza. Alisema atairudisha barafu. Atamwambia baba yake kwamba jana ilikuwa bahati tu, kwamba puto limeonyesha kulemaa bila baridi, atatafuta maneno. Nikamwambia mzee huyo hadanganyiki mara mbili kwa barafu. Akasema bora baba aliyedanganywa kuliko baba aliyelala. Macho yake yalikuwa mekundu. Kisulisuli alichokitafuta miaka yote alikuwa amekiona, na hakukitaja hata kidogo.

Nikainuka nikaingia kwa shemeji. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mgongo wake, nikatazama ukuta aliokuwa akiutazama, nione una nini. Ulikuwa ukuta wa kawaida, umepakwa rangi vibaya. Aliyeupaka alibana kopo.

Tulikaa hivyo. Kisha mgongo ukasema, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na yeye?"

"Alijua kabla yangu. Alishindwa kukuambia. Mimi pia nilishindwa, nikakutania tu."

"Homa ya baridi," akasema. Kitanda kikatikisika kidogo. Alikuwa anacheka au la, kwa mgongo huwezi kujua. "Maisha yangu yote nimeweka barafu katikati ya karai, nikaona baridi ya dunia ni kazi ya mikono yangu. Kumbe ile dunia kubwa haina anayeiwekea. Imejikunja tu, basi, joto huku, baridi kule, ugomvi umeanza wenyewe."

Nikasema ndivyo mpwa alivyonieleza, kwa mfano wa kopo la rangi.

Nje mtu alikuwa akifagia, ufagio ukija na kurudi, karibu nisinzie nao. Halafu akauliza, na sauti ilikuwa imebadilika, ilikuwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe, "Kile kisulisuli kilipofika begani, kilikwenda wapi?"

"Sijui, shemeji. Nilikuwa nakutazama wewe."

"Kuja kote kule uje unitazame mimi?" Akajigeuza. Mara ya kwanza tangu jana niliuona uso wake, una alama za mto. "Kilipanda, sawa? Kwenye karai kingenyooka mpaka kwenye barafu. Hiki hakikufika. Kilikwama pale juu ya bega, kikaanza kujinyoosha ubavuni, kama mtu aliyekutana na ukuta anatafuta mlango."

"Kwa nini kikwame? Utosini hakuna ukuta."

Akakaa kitako. Alichukua mkono wangu, akafanya ngumi yangu kuwa dunia, akaiwekea kidole kwanza juu, kwenye kifundo. "Ukisimama hapa nchani, dunia inakuzungusha wewe mwenyewe, kama uko kwenye meza yangu, unaona kizunguzungu." Akakishusha kidole pembeni. "Ukisimama hapa kiunoni, inakubeba tu, kama mzigo ubavuni mwa gari. Unakwenda, lakini hupindishwi. Sasa upepo unaotoka kiunoni kupanda, kila hatua unakuta mzunguko mkali zaidi. Mwishowe unasukumwa pembeni. Karai langu lilizungusha kila mahali sawasawa. Halina bega! Ndiyo maana sikuwahi..." Hakumaliza. Aliendelea kuishika ngumi yangu, akiigeuza huku na huku kama alivyokuwa akigeuza vipande vya barafu, lakini macho yake yalikuwa mbali. "Au labda hakikukwama. Labda puto lilikuwa limeshaanza kufa, likakivuta. Mara moja si kitu. Mara moja unaweza kuota."

Nikageuka kwa sababu nilihisi mtu. Mpwa wangu alikuwa mlangoni, ameegemeza bega kwenye fremu, sijui tangu lini.

"Sahani uliizungusha kwa mwendo gani?" baba yake alimuuliza, bila salamu.

Akamwambia.

"Ni polepole."

"Nikiongeza linapasuka, baba."

"Lipasuke likiwa limeshatuambia. Ukiongeza mwendo, kama ni bega linalokizuia, kitakwama chini zaidi. Kama si bega, kitapanda vile vile." Alikuwa akipapasa chini ya kitanda kwa mguu, akitafuta viatu, naye binti akapiga magoti akamtolea, bado vimelowa. "Hukukiona kikijinyoosha?"

"Nilikuwa nakutazama wewe," mpwa wangu akasema.

Mzee alitutazama mmoja baada ya mwingine, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Watu wawili wenye macho mazima," akasema, "na kisulisuli kinapita."

Walitangulia kutoka, wakibishana tangu kwenye ngazi. Binti alisema ni ngozi ya utosini iliyokuwa nyembamba, baba akasema ni mzunguko, binti akasema hilo halijathibitishwa, baba akasema ndiyo maana tumevaa viatu. Nilifunga nyumba nikawafuata polepole. Barabara ilikuwa na mwanga wa asubuhi iliyochelewa, watu wanafungua maduka, hakuna aliyeangalia juu. Mbele yangu shemeji alisimama ghafla katikati ya njia, akainua uso. Mawingu marefu yalikuwa yamelala yote upande mmoja, membamba, kama yaliyochanwa kwa kitana, yakienda bila haraka juu ya mapaa yetu kuelekea mahali ambapo dunia ilikuwa ikijikunja na hatukuweza kupaona.

"Baba, tutachelewa," binti alimwambia.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza nione yanapokwama."

Binti akangoja, ameshika mkono wa shati la baba yake, nami nilipowafikia nikasimama pia.